Kunyonyesha Mama Anapokuwa Mgonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mama aliyeugua huku mtoto wake bado ananyonya, na kwa ajili ya watu wanaomuuguza, kwa kuwa mara nyingi ni wao wanaomwambia aache. Hayachukui nafasi ya daktari, muuguzi au mkunga aliyekuona na kukupima. Yamekusudiwa kukusaidia kujua la kumuuliza na kuelewa atakachokujibu.

Nimeugua. Je, nimwachishe mtoto ziwa hadi nipone?

Kwa sehemu kubwa ya magonjwa yanayompata mama, jibu ni hapana, endelea kunyonyesha. Kabla ya kuamua lolote, jiulize kwanza ugonjwa ulio nao unaambukizwa kwa njia gani. Mafua hupita katika matone ya chafya na kikohozi, kuhara hupita katika mikono na maji machafu, malaria huletwa na mbu, kifua kikuu husafiri hewani. Katika yote hayo maziwa siyo njia ya maambukizi, na kumnyima mtoto titi hakuizibi njia yenyewe, kwa sababu bado utambeba, utambusu na kulala naye chumba kimoja. Magonjwa ambayo vimelea vyake hupita katika maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto ni machache, nayo yametajwa kwa majina hapo chini.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika. Katika magonjwa mengi ya kuambukiza, mtu huanza kuambukiza wengine kabla hajajisikia vibaya. Siku unapopata homa, mtoto huenda amekwisha kukutana na kimelea hicho jana au juzi. Ukimwachisha wakati huo utakuwa umemwondolea kinga katika siku zile zile anapoihitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Kinga hiyo inamfikiaje mtoto?

Mwili wako unapokutana na virusi au bakteria kupitia utumbo au njia ya hewa, chembe za kinga huvitambua, na baadhi ya chembe hizo husafiri katika damu hadi kwenye matiti, ambako hutengeneza kingamwili zinazoingia katika maziwa. Kingamwili iliyo nyingi zaidi katika maziwa ya mama ni IgA. Hii haimeng'enywi kirahisi tumboni, bali hutanda juu ya utando wa koo na utumbo wa mtoto na kuzuia vimelea visijishikize hapo. Kwa hiyo mtoto hupata kinga dhidi ya ugonjwa ule ule unaokusumbua wewe. Hilo halina maana kwamba hataugua kamwe. Anaweza kuugua, lakini watoto wanaonyonya huharisha kidogo na huugua kwa uzito mdogo zaidi wakilinganishwa na wale wasionyonya. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazolifanya Shirika la Afya Duniani lisisitize maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Nina homa kali. Je, maziwa yameharibika?

Hayajaharibika. Wapo wanaoamini kwamba homa huchachusha maziwa yangali ndani ya titi, au kwamba maziwa ya moto humpa mtoto tumbo la kuhara, na imani hiyo imewafanya akina mama wengi wakamue na kumwaga maziwa mazuri kabisa. Nyuzi mbili au tatu za joto zinazoongezeka mwilini mwako hazibadili ubora wa maziwa, wala maziwa hayachachi ndani ya mwili ulio hai.

Unaloweza kufanya ni kuishusha homa na kutafuta chanzo chake. Parasetamoli inafaa kwa mama anayenyonyesha, na ibuprofeni vilevile, maana kiasi kinachoingia katika maziwa ni kidogo mno. Epuka aspirini kwa maumivu na homa, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hudhuru ubongo na ini la mtoto. Ikiwa unaishi au umetoka mahali penye malaria, usishushe homa tu na kungoja. Pima damu siku hiyo hiyo.

Nina mafua na kikohozi, au nimeambukizwa UVIKO-19. Nimlindeje mtoto?

Nawa mikono kwa sabuni kila unapotaka kumshika, vaa barakoa unapomnyonyesha, geuza uso unapokohoa, na usimbusu usoni hadi upone. Basi. Ushauri huu ndio uliotolewa pia kwa akina mama wenye UVIKO-19, ambao Shirika la Afya Duniani liliwashauri waendelee kunyonyesha na kukaa na watoto wao.

Tahadhari moja ni juu ya dawa za kuzibua pua. Vidonge na dawa za maji zenye pseudoefedrini zinaweza kupunguza maziwa, wakati mwingine kwa kiasi kinachoonekana, na mama ambaye maziwa yake tayari ni haba atajuta. Dawa ya kupuliza puani au maji ya chumvi ni salama zaidi. Soma pia maandishi ya pakiti, kwa sababu dawa nyingi za mafua ni mchanganyiko wa dawa tatu au nne, na huenda unayoihitaji ni moja tu kati ya hizo.

Ninaharisha na kutapika. Maziwa yatamwambukiza?

Hayatamwambukiza, iwe ni sumu ya chakula, virusi vya tumbo, au hata kipindupindu. Kinachoweza kumwambukiza ni mikono yako na kila ulichogusa baada ya kutoka chooni, kwa hiyo usafi wa mikono hapa hauna mjadala. Ikiwa kuna mtu mwingine mwenye afya nyumbani, mwachie kazi ya kumbadilisha mtoto nepi na kumtayarishia chakula kama ameanza kula.

Wewe mwenyewe unapoteza maji na chumvi kwa haraka. Kunywa dawa ya kurudisha maji mwilini, yaani ORS, kidogo kidogo lakini mfululizo, hata kama unatapika. Maziwa yanaweza kupungua kwa siku chache kwa sababu ya uhaba huo wa maji, nayo hurudi ukishapona. Mama mwenye homa ya matumbo pia anaweza kuendelea kunyonyesha huku akitumia dawa, kwa sharti la kunawa mikono kwa ukamilifu, kwa kuwa bakteria wa ugonjwa huo hutoka katika choo kwa muda hata baada ya mgonjwa kujisikia nafuu.

Je, malaria hupita katika maziwa?

Haipiti. Vimelea vya malaria huishi katika damu na ini, na huhitaji mbu ili vimfikie mtu mwingine. Endelea kunyonyesha, na lala na mtoto ndani ya chandarua chenye dawa. Dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini hutumiwa na mama anayenyonyesha bila tatizo. Dawa ya kuwa mwangalifu nayo ni primakwini, inayotumika kwa aina fulani za malaria: inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kwa hiyo mwambie mhudumu kwamba unanyonyesha, na umri wa mtoto, kabla hajakuandikia. Kumbuka pia kwamba kiasi kidogo cha dawa kilichomo katika maziwa hakimtibu wala kumkinga mtoto. Akipata homa, naye apimwe.

Titi langu limevimba, ni jekundu, linauma na nina homa. Naweza kumnyonyesha upande huo?

Unaweza, na unapaswa. Kati ya maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo ambalo jibu lisilo sahihi huleta madhara haraka zaidi. Uvimbe wa titi huanza maziwa yanapokwama na tishu kuvimba, kisha huenda bakteria wakaingia, aghalabu kupitia mpasuko mdogo wa chuchu. Mama anaona uwekundu, anasikia baridi na mwili kuchoka kama wa mtu mwenye homa kali, mtu anamwambia maziwa yana usaha, naye anaacha kunyonyesha upande huo. Maziwa yanazidi kujaa, uvimbe unaongezeka, na jipu linapata nafasi ya kutunga.

Maziwa ya titi lililovimba hayamdhuru mtoto mzima aliyezaliwa kwa wakati wake. Yanaweza kuwa na chumvichumvi, kwa sababu wakati wa uvimbe sodiamu huongezeka katika maziwa, na mtoto anaweza kukunja uso au kukataa kwa muda. Mwanzishie upande huo akiwa na usingizi kidogo, au mnyonyeshe kwanza upande mzima hadi maziwa yaanze kutiririka, kisha umhamishe.

Zamani akina mama walishauriwa kulikanda titi kwa nguvu na kulikamua hadi likauke. Ushauri wa sasa ni tofauti. Mnyonyeshe mtoto anapotaka, kwa kadiri anavyotaka, bila kukamua kupita mahitaji yake, kwa kuwa kukamua kupita kiasi huuambia mwili utengeneze maziwa mengi zaidi. Usilikande kwa nguvu, maana tishu zilizovimba huumia upesi. Kupitisha kiganja polepole kutoka kwenye chuchu kuelekea kwapani kunatosha. Weka kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha, meza ibuprofeni kwa maumivu na uvimbe, legeza sidiria, na upumzike kitandani pamoja na mtoto. Angalia jinsi anavyoshika titi: mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya eneo jeusi lizungukalo chuchu iwe ndani ya kinywa. Mtoto anayeshika ncha ya chuchu pekee ataichana, naye hashibi.

Ikiwa hakuna nafuu baada ya saa 24, au hali ni mbaya tangu mwanzo, nenda ukaandikiwe antibayotiki. Zipo zinazofaa kwa kunyonyesha, nazo zimalizwe zote. Kivimbe kinachobaki, kinachouma na kubonyea kana kwamba kina maji ndani, huenda ni jipu, na jipu linahitaji kutolewa usaha na mtaalamu. Hata hapo, kunyonyesha kunaendelea, hata upande huo, kama kidonda hakipo mahali mdomo wa mtoto unapogusa.

Mama mwenye VVU ana maelekezo yake hapa, nayo yako katika jibu linalofuata.

Nina VVU. Je, ninyonyeshe?

Swali hili lina historia ya hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Bila matibabu yoyote, uwezekano wa mama mwenye VVU kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha kwa pamoja ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa dawa za kufubaza virusi zinazotumiwa ipasavyo, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5, na mama ambaye virusi vyake vimefubaa kabisa yuko chini zaidi ya hapo. Dawa ndizo zilizobadili ushauri wote.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kwamba mama mwenye VVU anayetumia dawa na kusaidiwa kuzifuata anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi miezi 24 au zaidi, huku akimpa mtoto maziwa yake pekee katika miezi 6 ya kwanza. Mtoto hupewa dawa ya kumkinga kuanzia anapozaliwa, kwa wiki 6 au 12 kulingana na kiwango cha hatari, na hupimwa kwa awamu, kipimo cha mwisho kikiwa baada ya kuacha kabisa kunyonya. Nchi zenye uwezo mkubwa zaidi ziliwashauri akina mama kwa miaka mingi watumie maziwa ya kopo peke yake. Hata huko msimamo umelegea, kwani mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unamtaka mhudumu aamue pamoja na mama badala ya kumkataza. Fuata mwongozo wa nchi unayotibiwa, na usibadilishe njia ya kumlisha mtoto bila kumwambia mhudumu wako.

Mambo matatu yanahitaji haraka. Ukikosa dozi kwa siku kadhaa, au kipimo cha wingi wa virusi kikionyesha vimepanda, nenda kituoni mara moja. Chuchu ikichanika na kutoa damu, au titi likivimba au kutunga jipu, mnyonyeshe mtoto upande mzima, kamua na umwage maziwa ya upande wenye tatizo hadi lipone. Na mtoto akiwa na vidonda au utando mweupe kinywani, atibiwe upesi, kwa kuwa vidonda hivyo ni mlango wa virusi.

Mwanamke anayeambukizwa VVU akiwa ananyonyesha huwa na virusi vingi sana katika majuma ya mwanzo, na hatari kwa mtoto huwa kubwa kipindi hicho. Ndiyo maana kupima hakuishii kwenye ujauzito.

Nina kifua kikuu. Naweza kukaa karibu na mtoto?

Bakteria wa kifua kikuu hawapiti katika maziwa; hatari iko katika pumzi ya mama mwenye kifua kikuu cha mapafu ambaye bado hajatibiwa. Vaa barakoa kila unapokuwa karibu naye, kaeni mahali penye hewa inayopita, na anza dawa bila kuchelewa, kwa maana wagonjwa wengi hupunguza sana kuambukiza baada ya wiki 2 za matibabu yanayofanya kazi. Ukishauriwa kutengana naye kwa muda huo, kamua maziwa yako apewe na mtu mwingine. Mtoto achunguzwe, akionekana hana ugonjwa, hupewa dawa ya kumkinga, na kama hajachanjwa BCG, chanjo hiyo husubiri hadi amalize dawa. Dawa za kawaida za kifua kikuu zinakubaliana na kunyonyesha. Usishtuke rifampisini ikiyapa maziwa, machozi na mkojo rangi ya machungwa. Kifua kikuu sugu kina maelekezo mengine, nayo lazima yatoke kwa daktari anayekutibu.

Na homa ya ini?

Mama mwenye homa ya ini aina ya B anyonyeshe, mradi mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa na amalize dozi zote. Mahali zinapopatikana, huchomwa pia kingamwili siku hiyo hiyo. Aina ya C haizuii kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikiwa zimechanika na kutoa damu; hapo kamua na umwage hadi zipone.

Nina tetekuwanga, au nina malengelenge karibu na chuchu. Nifanyeje?

Tetekuwanga inayotokea siku chache kabla au mara baada ya kujifungua ni hatari kubwa kwa mtoto mchanga, na siyo jambo la kutibu nyumbani: mtoto anaweza kuhitaji kingamwili, na mnaweza kutenganishwa hadi vipele vikauke, huku akipewa maziwa yako yaliyokamuliwa ikiwa matiti hayana vipele. Kwa mtoto mkubwa kidogo hali huwa nafuu, lakini muulize daktari.

Malengelenge ya hepesi yakiwa kwenye titi, usimnyonyeshe upande huo hadi yakauke kabisa, na usimpe maziwa ya upande huo ikiwa mkono au kifaa cha kukamulia kimegusa vidonda. Mtoto mchanga anaweza kufa kwa hepesi. Yakiwa mdomoni mwako, usimbusu, na yafunike, kunyonyesha kunaendelea.

Basi ni lini hasa nisinyonyeshe?

Mama anayeshukiwa au kuthibitishwa kuwa na Ebola hanyonyeshi, kwa sababu virusi hivyo hupatikana katika maziwa, na aliyepona hurudia tu baada ya maziwa yake kupimwa na kuonekana salama. Virusi vya HTLV-1, vinavyoweza kusababisha aina ya saratani ya damu, pia hupita katika maziwa, na baadhi ya nchi, Japani ikiwa mojawapo, huwashauri akina mama wenye navyo watumie njia nyingine ya kulisha. Mama anayepata tibakemikali kwa saratani anasitisha kunyonyesha, kwa kuwa dawa hizo huzuia chembe zisigawanyike, na mtoto ni mwili unaokua kila saa. Aliyepewa iodini yenye mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo anaacha kabisa kumnyonyesha mtoto huyo, na ni vizuri aache majuma kadhaa kabla ya dawa ili matiti yasiipokee mionzi kwa wingi. Mtoto atakayefuata ataweza kumnyonyesha.

Mbali na hayo kuna hali ambazo si ugonjwa wa mama bali wa mtoto, hususan galaktosemia, ambapo mwili wake hauwezi kuitumia sukari iliyomo katika maziwa.

Nitajuaje kama dawa niliyoandikiwa ni salama?

Jambo la kwanza ni kumwambia anayekuandikia kwamba unanyonyesha, umri wa mtoto, na kama alizaliwa njiti. Umri una uzito mkubwa hapa. Ini na figo za mtoto wa wiki mbili husafisha dawa polepole, ilhali mtoto wa mwaka mmoja ananyonya kidogo na mwili wake umekomaa, kwa hiyo dawa ile ile inaweza kuhitaji uangalizi kwa huyo wa kwanza na isiwe kitu kwa wa pili.

Karibu kila dawa huingia katika maziwa kwa kiasi fulani, na kwa hiyo swali la kumuuliza mfamasia ni kiasi gani. Wataalamu hulinganisha dozi anayoipata mtoto kwa kila kilo ya uzito wake na ile ya mama kwa kila kilo yake. Ikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida dawa hukubalika, na nyingi ziko chini sana ya hapo. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti mara nyingi huandika tu kwamba dawa isitumiwe na anayenyonyesha, kwa sababu mtengenezaji anajikinga. Mhudumu anayetaka taarifa halisi anaweza kutafuta jina la dawa katika hifadhidata ya LactMed ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ni ya bure.

Amoksilini, penisilini nyingine na erithromaisini zinafaa. Mtoto anaweza kupata choo laini au utando mweupe mdomoni, na kwa kawaida hilo si sababu ya kusitisha. Metronidazoli inaweza kubadili ladha ya maziwa. Dozi moja kubwa ndiyo ambayo baadhi ya wahudumu hushauri kusubiri saa 12 hadi 24 baada yake. Kotrimoksazoli iepukwe ikiwa mtoto ni njiti, hajatimiza mwezi, ana umanjano au ana upungufu wa G6PD. Kodeini na tramadoli zisitumike: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya dhidi yake kwa akina mama wanaonyonyesha, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huzigeuza haraka mno kuwa dawa kali inayoweza kuzuia upumuaji wa mtoto.

Ukitumia dawa yoyote inayokupa usingizi mzito, usilale kitanda kimoja na mtoto. Na akiwa mlegevu kuliko kawaida, haamki kunyonya, au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.

Nitafanyiwa upasuaji au eksirei. Nikae siku ngapi bila kunyonyesha?

Baada ya nusu kaputi, mnyonyeshe mara tu unapokuwa macho kabisa, unajielewa, na unaweza kumshika bila kumwangusha. Mnyonyeshe pia muda mfupi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Eksirei na altrasaundi hazina athari yoyote kwa maziwa. Dawa ya iodini inayochomwa kwenye mshipa kabla ya kipimo cha CT haina haja ya kukufanya umwage maziwa, kwa kuwa chini ya asilimia 1 yake huingia katika maziwa, na katika hicho chini ya asilimia 1 tu ndicho kinachofyonzwa na utumbo wa mtoto. Vipimo vinavyotumia chembe za mionzi ni tofauti. Waombe wakuandikie muda wa kusubiri.

Nina kisukari, shinikizo la damu au kifafa. Je?

Unaweza kunyonyesha. Insulini na metformini hazina shida, ila kunyonyesha hutumia sukari ya mwili, kwa hiyo kula kidogo kabla na uwe na kitu kitamu karibu usiku. Kwa shinikizo, enalapri na nifedipini ni miongoni mwa zinazofaa. Mwenye kifafa anyonyeshe akiwa ameketi chini, juu ya mkeka au godoro, akiegemea ukuta, ili mtoto asianguke kutoka juu iwapo degedege litampata. Asimwogeshe akiwa peke yake. Fenobabitoni inaweza kumlegeza mtoto, hivyo aangaliwe kwa makini.

Nina huzuni isiyokwisha tangu nijifungue. Dawa zitaingia katika maziwa?

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, na inastahili kutibiwa kama magonjwa mengine yaliyotajwa hapa. Sertralini ni mojawapo ya dawa zinazopendekezwa kwanza kwa sababu kiasi kinachofika katika maziwa ni kidogo sana. Kukataa dawa kwa kumwogopea mtoto huku mama anazama haimsaidii mtoto huyo. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu sasa hivi na asikuache peke yako hadi mfike hospitali. Lithiamu iko katika kundi lingine, na huhitaji mtoto afuatiliwe kwa vipimo vya damu.

Sina nguvu hata za kuketi. Maziwa yatapatikanaje?

Lala ubavu, mtoto alazwe ubavu akikutazama, tumbo lake ligusane na lako, na mtu mzima mwingine abaki chumbani mkinyonyeshana. Ikiwa hilo nalo limekushinda, kamua kwa mkono, au umwombe mtu unayemwamini akusaidie. Nawa mikono, weka kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi dakika mbili tatu. Weka kidole gumba juu ya eneo jeusi na cha shahada chini yake, sukuma kuelekea kifuani, kisha ubane vidole pamoja na kuachia, bila kuviburuza juu ya ngozi. Mara za mwanzo hakitoki kitu. Baada ya dakika moja hivi matone yanaanza, halafu vijito vyembamba. Zungusha vidole kulizunguka titi, hamia jingine kila baada ya dakika 3 hadi 5, na urudie, kwa jumla ya dakika 20 hadi 30. Fanya hivyo kila saa 3, usiku ukiwamo.

Maziwa hayo hukaa saa 4 katika chumba kisichozidi nyuzi 25, na siku 4 katika jokofu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi, ambacho ni rahisi kukiosha kuliko chupa: mketishe wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wake wa chini, na umwachie alambe mwenyewe badala ya kummiminia.

Utajua anashiba akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe, na uzito ukiendelea kupanda.

Niliacha kunyonyesha kwa sababu ya ugonjwa na maziwa yamekauka. Naweza kuanza tena?

Akina mama wengi wanaweza, hata baada ya majuma kadhaa, hasa mtoto akiwa chini ya miezi 6 na akikubali kunyonya. Kinachoamsha maziwa ni kunyonya kwenyewe, kwa hiyo mweke kwenye titi mara 8 hadi 12 kwa siku, ukiwamo usiku, ambapo homoni ya prolaktini hutoka kwa wingi zaidi. Mlaze kifuani ngozi kwa ngozi bila kumlazimisha, na umjaribu akiwa ametulia badala ya kungoja alie kwa njaa. Akichoka kunyonya, kamua. Wakati huo aendelee kupewa maziwa mengine kwa kikombe kwa kiasi cha umri na uzito wake, yapunguzwe kidogo kidogo kadiri yako yanavyoongezeka, huku akipimwa uzito kila wiki. Matone ya kwanza yanaweza kuonekana ndani ya siku chache au yakachukua wiki mbili na zaidi. Mwombe mkunga au muuguzi akutazame unaponyonyesha katika siku hizo za mwanzo, kwa sababu mara nyingi kinachokwamisha ni namna mtoto anavyoshika titi, na hilo hurekebishwa akiwa mikononi mwako.